Maji ya Kuogea Mwaka

Kamba ilikuwepo. Punda hakuwepo.

Inspekta Revelian Kamugisha alichuchumaa bandani, akaishika ncha ya kamba. Imekatwa kwa kisu, mkato mmoja, safi kama wa ngariba mzoefu. Nyuma yake Mtaa mzima wa Mikoroshini, Temeke, ulikuwa unalia, na mwenye punda, Mwishehe muuza maji, alilia kuliko wote.

Ilikuwa asubuhi ya Siku ya Mwaka, elfu moja mia tisa sabini na tatu. Siku hiyo watu wa pwani huoga kuondoa nuksi za mwaka uliopita, na alasiri hushindanisha punda. Si mbio za ovyo. Kila punda hubeba madebe mawili ya maji, yamejaa mpaka mdomoni, na mshindi ni atakayefika kwanza bila kumwaga. Safari hii hapakushindaniwa kanga wala sufuria. Serikali imeleta bomba moja, mitaa ni miwili, na wazee wameamua mbio ziamue: Mikoroshini au Bondeni. Na Tarishi, punda wa Mwishehe, alikuwa ameshinda miaka minne mfululizo.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?" Inspekta aliuliza.

"Jana magharibi, afande. Nilimfunga kwa mkono wangu huu."

"Usiku ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Mie nikilala ni maiti."

"Unamshuku nani?"

Mwishehe alitazama chini. "Sitaki kumtaja mtu."

Watu walimtajia. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kumleta Sadallah wa Bondeni, aliyeshika nafasi ya pili miaka yote minne. Walimvuta shati mpaka likachanika.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwangu, afande, namkanda punda wangu magoti."

"Shahidi wako?"

"Punda mwenyewe. Mzee kuliko TANU, lakini akili anazo."

"Ulitaka sana kushinda?"

"Mie? Nikishinda leo mke wangu atazimia."

Hakuna aliyecheka. "Apelekwe rumande!" mtu alipaza sauti. Sajini Jamali akatoa pingu.

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta.

Jasho lilikuwa linamtiririka. Bi Chausiku, balozi wa nyumba kumi, akamletea maji kwa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa. Nyie watu wa Bukoba joto letu mtalizoea lini?"

Inspekta akanywa. Macho yake yakaangukia pipa lililokuwa mlangoni kwa bibi huyo. Limejaa pomoni.

"Maji haya yameletwa lini?"

"Leo alfajiri. Nimefungua mlango nimekuta pipa limejaa, utadhani nimeolewa na jini."

"Na majirani?"

"Nyumba zote sita za upande huu. Mwishehe huyo, nani mwingine? Hata kwenye msiba wake hakutusahau, maskini."

"Kisima kiko mbali?"

"Nusu saa kwenda tu. Ndiyo maana tunalitaka bomba."

Inspekta akalizunguka pipa. Akainama, akachokoa kitu kwa kirungu.

"Sajini, hiki nini?"

"Mavi ya punda, afande."

"Makavu?"

Jamali alisita, kisha akagusa kwa kidole. Kazi ni kazi. "Mabichi."

"Andika: kielelezo namba moja."

Akarudi kwa Mwishehe.

"Vua shati."

"Afande?"

"Vua!"

Mabega yalikuwa laini kama ya bwana harusi. Hayakuwa na alama ya mti wa kubebea madebe.

"Nyumba sita umezijazia maji kabla ya jua kuchomoza. Umeyabebea wapi? Kwenye kope?"

Mwishehe akajifunika kwa shati.

"Ukifika kwa mteja unapigaje hodi?"

"Nagonga debe," Mwishehe alijibu kwa sauti ndogo. "Mara tatu."

Inspekta akaokota debe tupu, akagonga mara tatu.

Kutoka chumbani kwa Mwishehe punda akaitikia, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Walimkuta Tarishi kando ya kitanda, chandarua kimemwangukia kichwani kama shela, anakula pumba kwenye sinia. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwishehe naye alikaa chini, ila hakucheka.

"Ni mie," alisema. "Kamba nimeikata mie. Miaka ishirini na mbili nabeba maji, afande. Bomba likija, nani atanifungulia mlango? Nikikataa kushindana, mtaa utanitenga. Nikishinda, najizika mwenyewe."

"Na Sadallah je, alale rumande?"

"Sikudhani watamkamata." Akameza mate. "Hapana. Nilidhani. Nikanyamaza."

"Sasa, mtu umemficha punda. Alfajiri unamtoa apeleke maji, kwa nini?"

Mwishehe alimtazama kama aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Leo Mwaka, afande. Watu wangeoga nini?"

Bi Chausiku alijipangusa jicho kwa ncha ya kanga, kisha akasonya.

"Mjinga wewe, Mwishehe! Hilo bomba litajifungua lenyewe? Wanataka mtunzaji, wa kulipwa kila mwezi. Jina lako nimelipeleka tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja ushinde ndiyo nikwambie."

Mwishehe akainuka, akajipangusa vumbi.

"Kudanganya polisi ni kosa," alisema Inspekta. "Kesho saa mbili, kituoni. Leo katandike punda."

"Na shati langu?" aliuliza Sadallah.

Mwishehe akaingia ndani, akatoka na kanzu yake mpya ya sikukuu, akamvisha kwa mikono yake. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Lakini mbio sikuachii."

Saa kumi ngoma ikalia. Punda tisa wakaondoka, wenyewe wakikimbia ubavuni. Tarishi aliwapita wote, maji yametulia kwenye madebe kama yamelala. Lakini miaka yote mbio zilifanyika uwanjani. Safari hii wazee walizipitisha mtaani. Hatua ishirini kabla ya utepe, Tarishi alifika mlangoni kwa Bi Chausiku, akasimama. Mteja ni mteja.

Mwishehe alivuta, akabembeleza, akaita majina ya babu zake. Nyuma, yule mzee kuliko TANU anakuja, anachechemea, na Sadallah kaishika kanzu mpya kwa meno. Inspekta akasahau cheo chake: "Sukuma! Sukuma, bwana!"

Bi Chausiku akatoa kichwa dirishani.

"Leo tunayo!" alisema, kama asemavyo kila pipa likiwa limejaa. "Pita, baba, leo tunayo!"

Tarishi akapita. Akakata utepe.

Vigelegele vilisikika mpaka Bondeni. Bi Chausiku alitoka, akachungulia madebe: hapakupungua tone. Vijana wale wale waliomchania Sadallah shati wakamwinulia bibi debe moja, naye akammwagia Inspekta Kamugisha, kofia na nyota zake zote.

"Oga Mwaka, mwanangu! Nuksi zikutoke!"

Sajini Jamali alisimama na daftari lake. "Afande, niandike nini?"

Inspekta alijifuta macho, anacheka.

"Andika punda amepatikana. Na Mikoroshini imepata bomba."