Kiti cha Nyuma ya Dereva

Mkanda ulikuwa umefungwa, na kwenye kiti hakuna mtu.

Hicho ndicho kitu pekee kilichomtatiza Injinia katika gari lile la viti saba aliloletwa yadi ya magari kumkagulia kaka yake. Alishatambaa uvunguni na tochi, akanusa oili ya gia boksi, akasikiliza injini ikinguruma kwa adabu zake. Gari zima kabisa. Hata kakutu ka kumpa kaka yake presha hakakuwepo. Ilimuuma.

Kaka yake aliuza vigae. Shule aliitupa mkono mapema, leo ananunua gari la familia. Yeye, na digrii yake ya mitambo, miaka minne anasambaza vyeti kama vipeperushi, analala chumba cha uani kwa kaka huyohuyo, kodi yake ni kuosha gari la biashara. Hilo jina la Injinia lenyewe walimpa mezani, wakicheka.

Akabonyeza kifungo. Mkanda ukafyatuka, dashibodi ikaanza kulia: ti, ti, ti. Akagusa kiti kile cha nyuma ya dereva. Kilikuwa na joto, tena kimebonyea katikati, kama mtu kainuka sasa hivi. Au hajainuka. Harufu ya nguo iliyoungulia pasi ikampanda puani.

Muuzaji alikuja mbio kutoka upande wa pili wa yadi. "Funga! Nani kakwambia ufungue?" Akaufunga mwenyewe. Kimya. Kisha kwa sauti ya chini: "Ukimfunga hana shida."

"Nani hana shida?"

"Sensa ya mkanda," akajibu, bila kumtazama usoni.

"Vipi, Injinia?" kaka akaita, tumbo mbele. "Leo digrii itanifaa, au kazi yake kupamba ukuta tu?"

Yadi nzima ikacheka. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: kaka, hili achana nalo. Akayameza.

"Chukua, kaka. Gari la familia hili."

Binti wa kaka, miaka sita, akachagua kiti kilekile. Ndiye mtu pekee nyumbani aliyebisha hodi kabla ya kuingia chumba cha uani. Siku ya tatu shemeji alimfunua mtoto bega: mstari mwekundu ulishuka kutoka begani mpaka kiunoni, upana wa mkanda.

"Shemeji, hii nini?"

"Mikanda ya siku hizi migumu," Injinia akasema, macho chini.

Baadaye mtoto akamnong'oneza, "Bamdogo, pale kuna mtu. Anasema mimi nina nafasi kwa mama, kwa baba na kwako. Yeye ana hiyo ya pale kitini tu. Anataka nitoke."

"Basi toka, mama. Kaa kwingine."

"Kwani gari si la baba?"

Jumapili mchana, jua kali, Injinia alikuwa anasugua matairi uani, gari limezimwa na ufunguo uko ndani kwa kaka, aliposikia ti, ti, ti, akainua kichwa na kumwona mtoto ameketi pale na mdoli wake, mdomo wazi bila sauti, mkanda ukimvuta nyuma kidogo kidogo, na kila alipojitutumua ukajikaza zaidi, naye akavuta mlango, akabonyeza kifungo, kikawa cha moto mpaka kikamtoa ngozi ya kidole, na ile harufu ya pasi ikajaa mpaka kooni, na pembeni ya mtoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ngozi ya kiti ikabonyea, ikasogea, ikambana mtoto kama abiria anayegombea nafasi.

"Mwache!" akapiga kelele. "Nilijua upo! Kulekule yadi nilijua nikanyamaza, makusudi! Nilitaka kaka naye aonje! Hana kosa huyu, ni wivu wangu!"

Mlio ukakatika. Mkanda ukalegea. Sikioni mwake pumzi ya moto ikasema, taratibu:

"Kumbe na wewe huna nafasi?"

Alipogeuka, kaka yake alikuwa nyuma yake na ufunguo mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akambeba binti yake. Hakugomba, afadhali angegomba.

"Tafuta pa kulala, mdogo wangu."

Tangu siku hiyo gari halijalia tena.

Injinia alipanga chumba chenye kiti kimoja cha plastiki. Usiku wa kwanza kiti kikaanza: ti, ti, ti. Akakifunga kwa mkanda wake wa suruali, mmoja tu alionao. Kimya. Wakazoeana hivyo, mchana anaishikilia suruali kwa mkono.

Kisha ikaja barua. Intavyuu, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Miaka minne! Alinyoa, akapiga pasi shati, akakitazama kiti. Mkanda hakuugusa. Akashika suruali mkono wa kushoto, vyeti mkono wa kulia, akafika mlangoni.

Nyuma yake kifungo cha mkanda kikafunguka chenyewe.

"Mwenzangu," sauti ikanong'ona, kwa uchungu wa mtu anayeachwa, "umepata nafasi nyingine?"

Ti. Ti. Ti. Mlio ukapanda, ukapenya ukutani, mtoto wa chumba cha pili akaanza kulia, kisha sauti yake ikakatika ghafla, kama amebanwa.

Injinia akarudi. Akaketi. Akauzungusha mkanda tumboni mwake na mgongoni mwa kiti, akaukaza. Chumba cha pili mtoto akakohoa, akavuta pumzi.

Kimya.