Picha ya Mke wa Severini

Kompyuta ya Lusia ilianza kunuka. Ingekuwa harufu ya waya kuungua angeielewa, lakini hii ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa sufuriani. Akapulizia marashi. Ikawa nyama yenye marashi, kinyaa mara mbili.

Studio yake ya picha, mtaani Shanwe, ilitunza picha zote alizopiga marehemu mumewe, za harusi, komunyo na misiba, zimebanwa ili zienee kwenye mashine moja kuukuu. Kuzifungua moja moja kungemzeesha. Ndiyo maana aliipenda programu mpya: unaionyesha sura, inapekua picha zikiwa zimebanwa hivyo hivyo, kisha inakuletea inayofanana.

Mchana huo mzee Severini alifika kutoka Kasokola na kitambulisho cha mkewe, Eufrazia. Maziko yalikuwa kesho, na jeneza halitoki nyumbani bila picha ya marehemu kulitangulia.

"Nitafutie ya harusi yoyote aliyohudhuria, mama Aneth."

Lusia akakipiga picha kitambulisho kwa simu, akaiingiza kwenye programu. Ikaja picha moja tu. Akaifungua.

Eufrazia alikuwa amekaa mkekani, mdomo wazi, na ndani ya mdomo ule kulikuwa na mdomo mwingine, mdogo, uliolowa, unatafuna. Ute wa njano ukachuruzika ukingoni mwa kioo, na kabla Lusia hajajivuta, binti yake Aneth, aliyekuwa pembeni na madaftari yake, akaugusa kwa kidole, akakilamba.

"Aneth! Tema!"

"Mtamu, mama."

Severini alikuwa ameshafika mlangoni, ameziba pua. "Hiyo ni ya siku aliyopungwa pepo," alinong'ona. "Mganga alisema jini limehamia kwenye picha, isitazamwe na mtu. Mumeo aliniambia ameifuta!"

"Na wewe mzee ukanyamaza?"

"Nilijua haipo. Nisamehe, mama."

Lusia hakuwa na muda wa kusamehe. Alimbeba mwanawe mbio hadi kwa Lyamba, mganga wa mtaa wa pili, ambaye alimfukiza chini ya shuka na kumnywesha dawa, na Aneth akatapika ute, akatapika nywele ndefu zisizo zake, akatapika mpaka beseni likajaa na kitu fulani mle ndani kikawa kinasikika kikitafuna, na Lusia, ambaye hajawahi kuona kinyaa kwa chochote kilichotoka kwa mtoto wake, akageuza uso.

"Limetoka," alisema Lyamba, akimwaga beseni chooni. "Mashine ichomeni."

Wakaichoma, na picha zote ndani yake.

Jumapili Aneth alikula wali na maharage, akaongeza. Lusia alimtazama, moyo ukatulia, akampiga picha kwa simu yake. Nayo simu ilikuwa na tabia ya kukusanya sura zinazofanana. Ikaweka mbili pamoja, ya Aneth na ile ya kitambulisho cha Eufrazia, na chini yake ikauliza: Je, huyu ni mtu yuleyule?

Lusia akapeleka kidole kwenye hapana.

"Mama," alisema Aneth, mdomo umejaa, bila kuinua macho kwenye sahani, "bonyeza ndiyo."