Marlys Alijibu, Mimi Sikujibu

"Toka humo, Delmar! Toka kabla sijakurushia hii spana!"

Marlys alisimama mlangoni mwa kibanda cha gesi, uso mwekundu, simu mkono mmoja, spana mkono wa pili. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mtungi, naandaa gesi ya puto la jioni. Kazi yetu kwenye kituo hiki cha serikali, hapa Nebraska, ndiyo hiyo. Mimi najaza puto, yeye anafunga kipimo cha hali ya hewa na kulirusha, mara mbili kwa siku, mwaka wa kumi na moja sasa.

"Nimefanya nini tena?"

"Sheria imepita! Washington wamepitisha asubuhi hii. Hakuna mfanyakazi wa sayansi wa serikali atakayepunguzwa kazini mpaka Bunge liseme. Hakuna! Isipokuwa aliyejiondoa mwenyewe."

"Wale? Wale hawajawahi kumlinda mtu."

"Ndiyo maneno yako hayo ya wiki iliyopita! 'Marlys, hiyo sheria itafia mezani, wakubwa wote lao moja.' Nikakusikiliza, mjinga mimi."

Nilisema, sikatai. Ningewaaminije? Ni wakubwa hao hao waliofunga hospitali ya wilaya yetu, mke wangu Arlene akafia kwenye gari, bado maili sitini kufika hospitali nyingine. Tangu siku ile mtu mwenye tai akiniambia mvua inanyesha, natoa mkono dirishani kwanza.

Basi ilipokuja ile barua pepe ya serikali kwamba anayetaka kuondoka kwa hiari ajibu neno moja tu, "Najiuzulu", alipwe miezi minane, mimi na Marlys tulikubaliana. Ijumaa, saa nane mchana kamili, kila mtu mezani kwake, tunajibu pamoja. Halafu tuuze nyumba zetu, tuhamie Arizona kwa dada yake, tuoane.

"Saa nane kamili nilijibu," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Leo nimekwenda kwa bosi Curtis kumuuliza tumejibu wangapi. Unajua kaniambia nini?"

Niligeukia mtungi, nikaufunga.

"Mmoja. Kituo kizima, mmoja!"

"Marlys..."

"Siku nne, Delmar! Siku nne unakula chili yangu ya nyama na maharage na mikate yangu ya mdalasini, unaniuliza nyumba ya Arizona tuipake rangi gani!"

"Kidole kilikuwa kwenye kitufe, nakuapia. Nikawaza kuuza nyumba, kuzitoa nguo za Arlene kabatini. Nikashindwa."

"Miaka sita yuko kaburini, na mimi ndiye niliyepoteza kazi kwa ajili yake?"

Aliitupa spana sakafuni, akaondoka. Dakika kumi baadaye simu ikalia. Ujumbe wake: "Funguo za nyumba yako nimemwachia Curtis. Usinifuate. Puto nitalijaza mwenyewe."

Nilikwenda kwa Curtis Haugen, mkuu wa kituo. Nilimkuta anakula mkate wa nyama na kabichi.

"Mrudishe Marlys."

"Piga hodi kwanza, bwana."

"Mrudishe!"

"Ameomba kulifuta jibu lake la Ijumaa, na mwisho ni saa kumi na moja leo, ila lazima nisaini. Na sisaini. Niliwaahidi wa juu jina moja."

"Sheria imepita, Curtis."

"Haimlindi aliyejiondoa. Hukusoma?"

"Darasa la kumi nilitoroka. Nyie mliosoma ndio mnaotumaliza. Mlijua itapita?"

Alifuta mdomo.

"Nimeuliza, mlijua?"

"Jumatano tuliambiwa itapita. Tukaambiwa pia tusiseme."

Jumatano! Siku mbili nzima kabla Marlys hajajibu. Nilitamani kumsokomeza ule mkate wote kinywani. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika arobaini.

"Uliwaahidi jina la Marlys, au jina lolote?"

"Jina ni jina tu, mzee."

Nilitoa simu, nikaandika lile neno, nikamwonyesha.

"Saini ombi la Marlys kwanza. Nyinyi mkishapata mnachotaka, ahadi hamzikumbuki."

Alisaini. Nilimsimamia kichwani mpaka alipolituma kwa wakubwa zake, ndipo nikabonyeza.

"Mjinga wewe," alisema. "Sheria ilikuwa inakulinda."

"Ikulinde wewe na kiti chako."

Nje upepo ulikuwa mkali. Marlys alikuwa anavutana na puto peke yake.

"Shika huko chini, umesimama kama nguzo ya nini?"

Nilishika.

"Curtis kanipigia. Ni kweli?"

"Kweli."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ndiyo tabia yako! Ijumaa umeamua peke yako, leo umeamua peke yako. Mimi nani, pambo la nyumba?"

"Nilitaka urudi kazini."

"Nyamaza. Nimekuchukia tangu saa sita mchana na sijamaliza. Achia!"

Tuliachia. Puto likapanda, tukalitazama mpaka likawa kama punje ya mtama.

"Bima yako ya matibabu inaisha lini?" aliuliza, macho bado juu.

"Hiyo miezi minane ikiisha."

"Una miaka sitini na moja, moyo wako mbovu, unajiuzulu kama kijana! Mume wa mfanyakazi wa serikali anaingia kwenye bima ya mkewe. Kesho saa tatu asubuhi, kwa karani wa wilaya. Vaa shati lililopigwa pasi."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nani kataja kusamehe? Nimesema saa tatu."

Nilifika saa mbili na nusu. Nilimkuta ameshaanza kujaza fomu, amenuna, na mahali pa jina la mume ameandika langu kwa herufi kubwa, amelikandamiza mpaka karatasi imetoboka.