Mbayuwayu wa Agosti

"Dada, tazama mwenyewe. Huyu mbayuwayu ni wa uongo."

Perihan alimsogezea dada yake simu. Nalan akaacha kukata nyanya, akajifuta mikono, akaiangalia ile picha. Ndege mweusi juu ya miti, na chini yake ujumbe wa Sabri: "Nipo bustanini Validebağ, roho yangu. Nimempiga picha sasa hivi. Jua kali, usije, utaumwa kichwa."

"Mbona ndege mzuri tu?"

"Mzuri, lakini hawa weusi wameshahama Istanbul tangu Julai. Leo Agosti inakwisha! Sabri mwenyewe ndiye aliyenifundisha, halafu ananitumia wa mwaka jana."

Nalan akaguna. "Basi wa mwaka huu haonyesheki. Ana nywele ndefu huyo."

Perihan hakucheka. Alikuwa amechoka. Kiangazi kizima Sabri amekuwa mtu wa visingizio: leo kazi, kesho kichwa, keshokutwa simu imezima. Zamani Jumamosi zao zote zilikuwa za darubini na ndege, na harusi yao imepangwa Oktoba hii. Sasa hata kugombana kulishakosa ladha. Akaivua pete ya uchumba, ile aliyovishwa na wazee ikiwa imefungwa na ya Sabri kwa utepe mmoja mwekundu, akaitia mfukoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumrudishia mali yake."

Njia nzima alijiandaa kumkuta na mwanamke. Alimkuta peke yake kwenye benchi lao, darubini imelala kifuani, macho ameyafumba. Kasuku wa kijani walikuwa wakipiga kelele juu ya kichwa chake.

"Yuko wapi?"

Sabri akaruka. "Peri! Umefika saa ngapi?"

"Nimesimama ubavuni mwako muda wote, usijifanye hukuniona. Yuko wapi mwenzako?"

"Mwenzangu nani?"

"Mbayuwayu wako wa Agosti!"

Sabri akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Hata uongo umenishinda. Nilisahau namdanganya nani."

"Anaitwa nani?"

"Presha ya macho."

"Nini?"

"Ndilo jina lake. Daktari aliniambia mwezi wa sita. Katikati naona, pembeni giza, kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi. Natia dawa ya matone kulinda kilichobaki. Ndege akipita, mpaka nimtafute, ameshavuka Bosfori."

"Ukaniacha niamini una mwanamke?"

"Nilitaka uchukie, uondoke mwenyewe. Kukuambia nenda, mdomo uligoma."

"Mjinga wewe! Nimelia mpaka mama ananiuliza ninaumwa nini. Kumbe unanionea huruma?"

"Nisamehe."

"Sijui, Sabri. Nimechoka."

"Hata mimi."

Wakakaa, benchi moja, kila mtu na upande wake. Ghafla muuza chai akapaza sauti: "Korongo! Korongo!" Watu wakasimama na vikombe mikononi. Kundi kubwa lilikuwa linazunguka polepole kutoka upande wa kilima cha Çamlıca. Wale kasuku Sabri aliwasikia, lakini korongo hupita kimya. Perihan hakuwa amemwona hata mmoja mwaka huu, na huku, ukimwona korongo wako wa kwanza angani, shangazi zako wote watakuambia safari inakusubiri.

Akamshika Sabri kidevu, akamgeuza.

"Kulia. Juu kidogo. Unawaona?"

Sabri akafungua mdomo. Perihan aliijua ile sura. Ilikuwa inatafuta uongo mwingine.

"Siwaoni," akasema. "Peri, naona kitundu cha anga tu."

Tangu Juni, ndiyo mara ya kwanza alikuwa na uongo mdomoni akaumeza. Perihan alilia hapo hapo, hakujificha. Kisha akatoa pete mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Nivishe."

"Fikiri kwanza. Kesho nita..."

"Nivishe, mkono unachoka. Nimemwona korongo angani, safari ipo."

"Yako hiyo. Mimi sikumwona."

"Ndiyo maana utanishika mkono."

Alimvisha, taratibu. Simu ikalia. Ujumbe wa Nalan: "Umemkamata?"

Akajibu: "Nimemkamata. Oktoba iko palepale. Ule utepe usiutupe."

Sabri bado alikuwa ameinua uso juu. "Wamefika wapi?"

Perihan akaegemea bega lake. "Wanageukia kusini, roho yangu. Wa mbele ameacha kupiga mbawa. Tulia, nikusimulie."