Bima ya Kinyozi Haikumtosha Chiriku

Fundi viatu alikuwa na sheria moja, na hakuivunja hata kwa shemeji yake. Hashoni kiatu bila kupima mguu. Mteja akifika, anavua viatu, anakanyaga karatasi, na fundi anauzungushia mguu penseli. Wa kulia kwanza, kisha wa kushoto.

"Miguu ya mtu mmoja tu haifanani," alipenda kusema, "sembuse ya watu wawili?"

Karatasi zile alizitundika kwenye misumari ukutani. Ukiingia kibandani mwake, ungedhani jeshi zima limepanda ukuta peku.

Binti yake wa miaka tisa alishinda hapo kila akitoka shule. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Alimsimulia mteja habari za mwalimu, kisha za paka, kisha za meno ya mwalimu yanayofanana na ya paka. Wateja walicheka, wakasahau kwamba viatu vyao vilitakiwa kuwa tayari juzi.

Lakini Chiriku alikuwa na pumu. Vumbi la ngozi au harufu kali ya gundi ikimwingia, kifua kilibana, na maneno yakakatika. Wazazi wake hawakuogopa kelele zake. Waliogopa akinyamaza.

Mwaka ule fundi alikata bima ya afya. Ajabu ni hii: yule mtu wa vipimo, siku hiyo vipimo vyote alivisahau!

Jirani yake kinyozi, kijana asiye na mke wala mtoto, alikuwa amevunjika mguu kwenye mpira. Alilazwa, akapasuliwa, na bima ikalipa kila kitu. Alirudi na plasta mguuni na kadi mkononi, akamwonyesha vyote viwili kila aliyekuja kunyolewa. Basi wakala wa bima alipopita mtaani, fundi hakuuliza mengi.

"Nipe kama ya kinyozi," alisema. "Ila ututie watatu, mimi, mke wangu na mtoto."

Wakala alimpa fomu. Mahali pamoja paliandikwa: "Kuna mwenye ugonjwa wa muda mrefu?" Mke wa fundi, ambaye kazi yake ilikuwa ususi, alichungulia begani.

"Andika pumu, baba Chiriku."

"Wee! Wakijua watatukataa."

Akaandika: Hakuna.

Miezi mitatu ilipita salama. Kisha Jumamosi moja asubuhi, Chiriku alikuwa akimsimulia baba yake jinsi jogoo wa jirani alivyoingia darasani. Aliishia katikati ya neno. Fundi aliinua macho. Mabega ya mtoto yalipanda na kushuka, na midomo ilikuwa imepauka.

"Mama Chiriku!" fundi alipiga ukelele. "Mtoto!"

Walimkimbiza kituo cha afya. Alivishwa kinyago cha mashine, akavuta mvuke wa dawa. Baada ya saa moja rangi ilimrudia. Daktari aliwaita wazazi pembeni.

"Anahitaji pampu mbili za kuvuta dawa," alisema. "Hii ni ya kila siku, inazuia. Hii nyingine ni ya kufungua kifua kikibana. Na awe anakuja kila mwezi tumwone. Nyumbani kuna vumbi?"

"Kuna baba yake," mama alijibu. "Anashinda na ngozi na gundi."

"Basi mtoto asikae karibu na kazi hiyo."

Fundi alikwenda dirisha la bima akiwa kifua mbele. Alitoa kadi kwa mbwembwe. Dada wa dirishani aliangalia kompyuta, akatikisa kichwa.

"Pole, kaka. Bima hii ni ya kulazwa tu. Mtoto hakulazwa."

"Hakulazwa kwa sababu amepata nafuu!"

"Ndiyo. Lakini matibabu ya kutibiwa na kurudi nyumbani hayamo. Dawa za kwenda nazo pia hazimo."

"Kwa hiyo mlitaka azidiwe kwanza?"

Dada alimrudishia kadi. Fundi alilipa kwa fedha aliyoitenga kununulia ngozi. Ilitosha kulipia matibabu na pampu ya kufungua kifua. Ile ya kila siku waliiacha dukani.

"Wezi wakubwa," alinong'ona njia nzima. "Mwezi ujao hawapati hata senti yangu."

Siku nne baadaye, mwanamke mmoja aliingia kibandani na kiatu kilichokatika kisigino.

"Fundi, hiki kimeshakufa mara tatu," alisema. "Nitengenezee vipya."

Fundi alitandaza karatasi bila kumtazama usoni. Mgeni akakanyaga. Penseli ilipofika kwenye kidole gumba, fundi aliinua uso, na penseli ikasimama.

"Wewe si yule wa dirishani?"

"Ndimi. Tafadhali usiniumize mguu."

Mke wa fundi, aliyekuwa akimsuka mteja barazani, nje ya kibanda, alicheka kwa sauti. Fundi hakucheka.

"Dada, kinyozi ana bima hiyohiyo. Alitibiwa bure mpaka mwisho. Mwanangu mkamkataa. Kwa nini?"

Dada aliangaza macho kibandani. Kisha akanyoosha kidole kwenye jozi ya viatu vikubwa kama magogo.

"Vile ni vya nani?"

"Vya huyohuyo kinyozi."

"Basi acha kunichora. Nipe kama vya kinyozi."

"Ah! Vitakutosha vipi? Utatembea navyo au utalala ndani?"

"Sasa bima ya kinyozi ulitaka imtoshe mwanao vipi?"

Macho ya fundi yalikwenda ukutani, kwenye yale makaratasi ya miguu.

"Bima ya kinyozi si mbaya," dada aliendelea. "Inamfaa yeye. Ni kijana mzima, anaogopa janga kubwa la kumlaza kitandani. Mwanao shida yake ni ya kila mwezi. Anahitaji bima inayolipia na matibabu ya kutolala, yaani daktari, vipimo na dawa."

"Basi hii naiacha leo leo."

"Usiiache! Ukilazwa kesho utamlilia nani? Na ukiacha kisha ukarudi, unaweza kuanzishwa upya kama mgeni. Waombe wakuongezee fungu la kutolala."

Mke wa fundi alikuwa ameshasogea, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Na meno yangu je, dada? Na uzazi?"

"Kwenye bima nyingine yamo, kwenye nyingine unaongeza. Usikisie, uliza. Uzazi hasa, usingoje mpaka tumbo lionekane. Mara nyingi kuna miezi ya kusubiri kabla haujaanza kulipiwa. Uliza pia ni hospitali zipi zinapokea kadi, na kwa mwaka wanalipa mpaka kikomo gani."

"Uzazi?" fundi aliuliza. "Uzazi wa nani?"

"Nyamaza, sisi tunasoma," mkewe alisema.

"Na wewe, dada, unayo ipi?" fundi aliuliza, sauti sasa imeshuka.

"Ya kazini. Mwajiri analipa sehemu, na mimi nakatwa sehemu kwenye mshahara. Ni nzuri, lakini nikiacha kazi naiacha pamoja na funguo za ofisi. Ipo pia ya umma. Na zipo za vikundi. Mafundi wa mtaa huu mkiungana, huenda mkapata kwa bei nafuu. Kila moja ina masharti yake."

Mke alimtazama mumewe.

"Mwambie, baba Chiriku."

"Nimwambie nini?"

"Usijitie hamnazo. Mwambie ulichoandika."

Fundi alishughulika na sindano isiyo na kazi.

"Niliulizwa kama kuna mgonjwa," alisema mwishowe. "Nikaandika hakuna."

"Kaka! Mficha maradhi..."

"...kilio humuumbua," mkewe alimalizia.

"Wakigundua, wanaweza kukataa kulipa hata siku mtoto amelazwa kweli," dada alisema. "Nenda ukaseme ukweli. Huenda wakaongeza mchango. Huenda wakakwambia usubiri miezi kadhaa kabla ya pumu kulipiwa. Lakini utajua umesimama wapi."

Fundi aliona aibu, aibu ya baba mtu. Alidhani anamlinda mwanawe, kumbe amemwacha peku kwenye miiba.

Siku ile alifunga kibanda mapema. Alitandaza karatasi tatu sakafuni, akachora miguu ya nyumba nzima. Ndani ya mguu wake waliandika: kulazwa. Ndani ya mguu wa mama: meno, uzazi. Ndani ya mguu mdogo: pumu, daktari kila mwezi, pampu mbili.

Kesho yake alibeba makaratasi hayo mpaka ofisi ya bima.

"Nilidanganya kwenye fomu," alisema kabla hajakaa. "Nimekuja kurekebisha."

Hawakumfukuza. Walimwongezea fungu la kutolala, wakapandisha mchango, kama dada alivyosema, na pumu ilibidi isubiri miezi sita. Safari hii fundi aliusoma mkataba wote. Neno lililomshinda aliliuliza. Meno waliyaacha mpaka mwaka ujao, maana kamba ya fedha haikufika huko. Mama Chiriku alikubali, ila shingo upande.

Miezi ile sita haikuwa lelemama. Pampu ya kila siku waliinunua wenyewe, na fundi alishona makubadhi mpaka vidole vikaota sugu. Chiriku alihamishiwa barazani kwa mama yake. Wanaosukwa hukaa saa nyingi na hawana pa kukimbilia. Mtoto alikuwa amefika peponi.

Mwezi wa saba walirudi kituo cha afya kumwona daktari. Chiriku hakuwa amebanwa hata mara moja kwa wiki nyingi. Daktari alimsikiliza kifua, akatabasamu, akaandika pampu mbili.

Dirishani alikuwa dada yuleyule. Fundi alisukuma kadi polepole, bila mbwembwe. Mkewe alimshika mkono. Dada alitazama kompyuta, na fundi akaona sasa yeye ndiye anayekosa pumzi.

"Imekubali," dada alisema. "Dawa zote mbili. Nendeni mkachukue."

Chiriku alichungulia dirishani.

"Dada, hivyo viatu si ni baba aliyevishona? Baba alisema mguu wako wa kushoto ni mkubwa, halafu mama akamwambia hayo hayasemwi kwa watu, halafu..."

"Wewe mtoto, punguza sauti," muuguzi alisema akipita. "Hapa kuna wagonjwa."

"Tusamehe, nesi," fundi alisema, akijifuta macho kwa mkono wenye gundi. "Lakini mwache aseme kidogo."

Na Chiriku alisema, bila kukatika pumzi, mpaka wakafika nyumbani.