Kinundu Ukingoni

"Pini, chumvi iko jikoni. Narudia, chumvi iko jikoni."

"Nimesikia, Mkuu."

"Namtaka hai. Unanielewa? Hai."

Pini alikirekebisha kile kidude cha mawasiliano sikioni, akabonyeza kitufe cha lifti.

Ghorofa ya saba.

Chumvi ni Glavu, mlanguzi wa sarafu adimu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishika sarafu kwa mkono mtupu. Jikoni ni chumba kidogo cha mikutano, kwenye hoteli ambayo adhuhuri ile ilikuwa imefurika wakusanyaji wa sarafu. Huko chini walikuwa wakibishana juu ya sarafu zilizong'atwa ukingo na zile zenye picha iliyopinda. Huku juu Glavu alikuwa anauza kitu kingine kabisa.

Pini alikuwa amemngoja siku nyingi, naye si wa kungoja bure.

Kaka yake alikuwa mchonga kalibu kwenye kiwanda cha serikali cha kufua sarafu. Kalibu ndicho kile chuma kigumu kinachoigonga sarafu hadi ipate sura. Asubuhi moja alikutwa chini ya mashine, shingo imevunjika, na kalibu moja haionekani. Wakubwa wakasema aliiba, akauza, kisha akajitupa kwa aibu. Mazishini hakutia mguu hata mfanyakazi mwenzake mmoja. Tangu hapo mama yao huenda dukani kwa kupitia uchochoroni, asikutane macho na majirani.

Pini ndiye aliyeitwa kuutambua mwili. Ndani ya ngumi ya kaka yake alikuta kibanzi cha chuma, kidogo kama ukucha wa mtoto. Hakumwonyesha mtu. Alikivaa shingoni kwenye mkufu.

Lifti ikafunguka.

Mlangoni palisimama baunsa mwenye shingo ya fahali.

"Wewe nani?"

"Mpimaji wa sarafu. Nimeitwa na mgeni wako."

Mpimaji mwenyewe alikuwa amelala usingizi wa pono kwenye buti la Land Cruiser. Baunsa alinyoosha mkono ampekue. Pini akamgusa kiganja kwa kalamu ya Parker, sindano ya usingizi ikafanya kazi yake, na lile jitu likateremka ukutani taratibu kama shuka lililoanuliwa kambani. Akaliruka, akaingia.

Ndani kulikuwa na watu wawili. Mnunuzi, mgeni wa suti ya kijivu, ambaye genge lake lilitaka kuijaza nchi sarafu bandia. Na Glavu, mikono myeupe ndani ya glavu, tabasamu mpaka masikioni.

"Karibu dada. Tazama, usione haya. Mgeni wetu anataka kuhakikishiwa."

Juu ya kitambaa cheusi palikuwa na kalibu moja, na kando yake sarafu moja. Pini alitoa lenzi ya kukuzia, akaiinamia sarafu. Ndani ya lenzi hiyo kulikuwa na kamera, na mwisho wa kamera hiyo alikuwa Mkuu.

Akakiona.

Ukingoni mwa sarafu, kinundu laini kisicho na picha.

Kaka alimfundisha hayo tangu hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Mkwaruzo huzama, kasoro ya kalibu huinuka. Kalibu ikimeguka ukingoni, chuma cha sarafu hulijaza lile pengo, na kila sarafu inayofuliwa baada ya hapo huzaliwa na kinundu chenye umbo la kile kilichomeguka.

"Kasoro halisi ya kiwandani," alisema Glavu. "Marehemu babu aliipata mimi sijazaliwa."

"Babu yako?"

"Babu mzaa baba."

Pini alivua mkufu. Akakilaza kile kibanzi kifudifudi juu ya kinundu. Kona kwa kona, vikakubaliana kama chungu na kifuniko chake. Hasira ilimpanda hadi macho yakaingia ukungu.

"Ajabu. Kibanzi hiki nilikitoa kwenye ngumi ya kaka yangu akiwa maiti."

Tabasamu la Glavu likazimika. Beretta ikatoka.

"Kumbe ndiwe mdogo wake! King'ang'anizi yule. Nilimwambia aachie, akaibamiza kalibu kwenye mashine. Ningefanyaje? Nikamvunja shingo."

Mnunuzi alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Bastola ilimtazama Pini usoni. Bastola yake mwenyewe ilikuwa kiunoni, mbali kama mbinguni. Mkononi alikuwa na sarafu tu.

Akaitemea mate.

Akaanza kuisugua kwa kidole gumba, mbele, nyuma.

"Usifute!" Glavu alipiga ukelele wa mtu anayechinjwa. "Shika ukingo! Utaiharibu!"

Mkono mweupe ukaifuata sarafu, na mdomo wa bastola ukashuka. Ilitosha. Pini aliupiga teke ukingo wa meza, akaudaka ule mkono, akaukunja hadi ukalia. Beretta ikabadili mwenyewe.

Nje, vijana wa Mkuu walikuwa wamempokea mnunuzi.

Glavu alipiga magoti. Pini akamkandamiza mdomo wa bastola kwenye paji la uso. Moyo ulimwambia piga. Kidole kilikuwa tayari.

"Pini," sauti sikioni. "Hai."

"Umeyasikia, Mkuu?"

"Kila neno, na yamerekodiwa."

"Basi yapigwe kwenye vipaza sauti vya kiwanda, zamu zote zikiwa kazini. Wayasikie wale wasiokuja kuzika."



"Yatapigwa."

Pini alishusha bastola. Akaiacha kalibu na ile sarafu kwa ajili ya mahakama. Kisha akafungua mkoba wa Glavu, akazitoa sarafu zake alizozitunza maisha yake yote, akaketi, akazifuta moja moja kwa upindo wa koti, kwa nguvu, bila haraka. Glavu akalia machozi. Hakuwahi kumlilia mtu.

"Mbio za sakafuni," Pini alisema, akamtupia ya mwisho mapajani.

Alitoka akifunga vifungo vya koti. Kwenye lifti alipiga simu.

"Mwanangu? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Kesho ukienda dukani, pita barabara kubwa."