Polepole Mpaka Kagio

"Mimi sijawahi kumdanganya mwanamke. Hata siku moja!"

Hivyo ndivyo nilivyoanza, nikiwa nimekaa na Kingori na Kihara katika hoteli moja hapa Nyeri, mandazi sita mbele yetu. Kingori alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Theuri, wewe? Na Watiri je? Si alikuacha?"

"Hakuniacha. Tuliachana. Tena tuliachana kwa sababu ya ukweli wangu. Nyamazeni niwaeleze."

Nikawaeleza hivi.

Watiri alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, mrefu, mcheshi, mwenye mwanya mdogo mbele. Nilimpata kwa sababu ya gari. Kila nilipopita karibu na shule yao na ile Peugeot nyeupe, alisimama akaitazama. Siku moja akaniambia, "Gari yako ni safi." Nikamjibu, "Asante." Sasa niambieni, asante ni uwongo? Gari lilikuwa la Mzee Hezekiah mwenye duka, na mimi nilikuwa dereva wake. Lakini Watiri hakuuliza.

Kiangazi cha Januari, mwaka wa sabini na mbili, kilikuwa kitamu ajabu. Mzee alikuwa akinituma huku na huku kuchukua bidhaa, na mimi nikageuza kila kazi kuwa matembezi. Tulienda Naro Moru kufuata viazi. Tukaenda Nanyuki kufuata sijui nini, nimesahau hata kilikuwa nini. Polepole, maili thelathini kwa saa, madirisha wazi. Watiri alitoa mkono nje akauacha uchezwe na upepo. Akiona mahindi ya kuchoma, tunasimama. Akiona mlima umevua mawingu, theluji yote iko wazi, tunasimama, tunamimina chai kutoka kwenye chupa na kuweka vikombe juu ya boneti. Hakuna mahali tulikuwa tukiharakishia.

Kiti cha nyuma alikaa Mbula, mwalimu mwenzake, Mkamba, kwa maana babake Watiri hakukubali binti yake atembee peke yake na kijana. Mbula alikuwa mlinzi mzuri sana. Tukitoka mjini tu, alilala.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Wang'uru. Mzee alitaka magunia mawili ya mchele. Jumamosi iliyofuata, wazee watatu niliowaomba hapa mjini wangeenda kwa babake Watiri kubisha hodi, kuniposea. Nilichukua wazee wa mjini kwa sababu wale wa kwetu Endarasha walikuwa na mambo mengi.

Tulipoondoka, Watiri alitoa bahasha kwenye mkoba.

"Nimewaandikia watu wa Kitui," akasema. "Unajua wamenipa kazi ya naibu wa mwalimu mkuu? Nimewakatalia. Sikiliza: 'Nashukuru kwa nafasi mliyonipa, lakini nitaolewa hivi karibuni na sitaweza kuhama.' Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa. Tutaipeleka posta Karatina tukirudi."

"Theuri, hiyo kazi nimeingojea miaka minne. Usinichezee."

"Mimi? Nikuchezee wewe?"

Tukaenda. Tulipofika Kagio nikakanyaga mafuta. Ni mahali pekee siku hiyo nilipokimbiza gari.

"Mbona unakimbia?" Watiri akauliza.

"Hapa kuna mbwa mbaya."

"Mbwa gani? Mimi sioni mbwa."

"Utaionaje na tunakimbia?"

Alicheka mpaka akanipiga bega.

Wang'uru maji yalikuwa yamelala mashambani kama vioo, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Watiri alivua viatu akatembea kwenye tuta, matope yakimpanda vidoleni. Tulikula wali wa mchele mpya kwa maharagwe, chini ya kibanda cha majani ya migomba, na hakuna hata mmoja aliyetazama saa.

"Msichana wetu wa kwanza ataitwa nani?" akaniuliza.

"Unauliza na unajua. Ataitwa Wamucii, kama mama yangu. Sisi hatuna kuchagua. Wa kwanza ni wa mama ya baba."

"Wamucii," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Njia nzima ya kurudi alilirudia jina hilo. "Wamucii, vaa viatu. Wamucii, wacha kumwagia mgeni chai!"

Tukafika Kagio tena.

"Simama. Nataka ndizi."

"Ndizi ziko Karatina."

"Za Karatina haziko kama hizo. Simama, Theuri! Ama ni ile mbwa?"

Haikuwa siku ya soko, nikajipa moyo. Nikasimamisha gari, nikashusha kofia machoni, nikajifanya nasinzia. Watiri akashuka. Kupitia dirishani nilimwona akiinama mbele ya mama mmoja aliyetandika gunia, mafungu ya ndizi na nyanya juu yake. Kando yake alikaa msichana wa miaka mitatu hivi.

"Na huyu mrembo anaitwa nani?" Watiri akauliza.

"Wamucii."

Watiri akapiga makofi. "Theuri! Kuja uone! Tumepata jina yetu hapa!"

Sikusonga.

"Amepewa jina ya nyanya yake?"

"Mama ya baba yake, huko Endarasha. Wazee wao walikuja na mbuzi, tukaelewana, ndio mtoto akapata jina ya huko. Kama hawangekuja angeitwa Ngendo, kama mama yangu mimi. Si unajua vile tunafanya? Mtoto ambaye baba yake amemkataa anabaki na jina ya kwao na mama."

"Endarasha," Watiri akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na baba yake ako wapi?"

"Anaendesha gari ya Mzee Hezekiah, mwenye duka, Nyeri. Huu ni mwezi wa tatu hatujamwona. Lakini alisema atakuja atuchukue tukakae na yeye."

Watiri alizirudisha ndizi kwenye gunia, moja moja, taratibu.

"Dada, kuja nikuonyeshe kitu."

Wakaja wote watatu. Wacera, ndiye huyo mama, akainama dirishani, na uso wake ukafunguka.

"Baba Wamucii! Umekuja kutuchukua!"

Mtoto naye akaushika mlango wa gari kwa mikono miwili iliyojaa maji ya nyanya.

Hapo, marafiki, ndipo mwanaume anapojulikana. Nilishuka, nikavua kofia, nikasimama wima. Nikasema, "Watiri, huyu ni Wacera, mke wangu. Na huyu ni Wamucii, damu yangu. Nisamehe." Nikambeba mtoto. Watiri alilia, sitaficha, lakini alinipa mkono. Akaniambia, "Theuri, afadhali mwanaume anayesema ukweli, hata kama amechelewa." Akaitoa ile barua ya Kitui, akaipasua, akapanda basi na Mbula. Mimi nikabaki Kagio na familia yangu. Tulikula ndizi mpaka jioni, na mchele wa mzee ukangoja kwenye gari.

Hapo nikaishia. Kihara alikuwa ameguswa. Alinisogezea andazi la mwisho.

"Kumbe wewe ni mtu," akasema.

"Si niliwaambia?"

"Theuri, malizia."

Sauti ilitoka meza ya nyuma yangu. Mwanamke aliyekuwa ametupa mgongo muda wote aligeuka. Mbula. Kapu la nyanya lilikuwa miguuni pake.

"Ah, mwalimu! Sikujua uko hapa."

"Hata siku ile ulifikiri nimelala. Waambie ulisema nini."

"Si nimewaambia?"

"Hukushuka kwa gari. Ulipandisha kioo ukaacha nafasi ya vidole viwili, hivi. Ukasema, 'Mama, umenifananisha. Wewe sikujui, na huyo mtoto simjui.'"

Kingori aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, wewe ulikuwa nyuma, labda hukusikia vizuri..."

"Ulisema mara mbili. Ya kwanza kwa Kikuyu, ya pili kwa Kiswahili, ndio na mimi nisikie." Aliwageukia wenzangu. "Na huyo mama hakupiga kelele. Alitoa leso, akamfuta mtoto mikono, akafuta na mlango wa gari. Akasema, 'Wamucii, toka kwa gari ya watu.' Hiyo ndiyo ilimtoa Watiri machozi. Si mambo yako. Na mkono hakukupa. Ulitufuata mpaka kwa basi, ukimwambia ati huyo mama ni mwendawazimu, kila gari ikisimama anasema ni ya bwana yake."

"Na barua?" Kihara akauliza polepole.

"Barua aliipasua, hiyo ni kweli. Hapo hakuwadanganya. Watiri yuko Kitui tangu mwezi wa pili."

Nilitafuta mzaha. Tangu nikiwa darasa la kwanza sijawahi kukosa mzaha wa jambo lolote. Nilitazama lile andazi, nikatazama dirisha, nikatazama viatu vyangu.

"Ilikuwa ni kushtuka tu, mwalimu," nikasema. "Mtu anaweza kushtuka. Jumamosi naenda Kagio. Nitamnunulia Wamucii viatu, tutaelewana."

Mbula alisimama, akalibeba kapu lake.

"Mimi nimetoka Kagio asubuhi hii. Hizi nyanya nimenunua kwa Wacera. Usisumbuke na viatu, huko hakuna Wamucii. Wazee wa kwao Wacera walikaa kikao juma lile lile, wakasema mbuzi wenu watarudishwa. Huyo mtoto anaitwa Ngendo."

Akaenda zake.

Kihara hakunitazama. Alinyoosha mkono, akalichukua lile andazi kutoka mbele yangu, akalirudisha kwenye sahani.